Mkono Usiobana

Kosa la kwanza la Odessa Pruitt katika uchunguzi ule lilikuwa kosa la macho. Alisimama alasiri nzima katika ujia wa nyuma ya ukumbi wa mieleka mjini Tampa, ametumwa na Kamati ya Bunge kutoka Washington kwa kazi moja tu, nayo ni kutazama. Akatazama vikombe, vifuniko, lakiri na mlango wa choo. Mikono ya watu hakuitazama. Baadaye, alipoyapanga yote upya, ilimbidi akubali kwamba jibu la kesi lilipita mbele yake mara nyingi kabla jua halijatua, likiwa limenyooshwa waziwazi, naye akalichukulia kuwa adabu ya kawaida.

"Hapa ndipo sampuli zinapochukuliwa," alisema Thaddeus Kroll, makamu mkurugenzi wa Taji Kuu, kampuni iliyomiliki mieleka ya televisheni karibu nchi nzima. Alikuwa mtu mwembamba wa suti ya kijivu, mwepesi wa miguu, aliyezunguka watu bila kuwagusa. "Hatuna la kuficha, mpelelezi. Nikuletee kiti?"

"Nitasimama."

"Bunge likisimama, sisi tukae tumekuwa nani?" Kroll akatabasamu na kuendelea kusimama.

Mchukua sampuli aliitwa Merle Stallworth, muuguzi mstaafu mwenye nywele za mvi zilizomfunika masikio. Hakuajiriwa na Taji Kuu; mwajiri wake alikuwa Sandhill, kampuni ya upimaji iliyojitegemea, na katika tamko lake kwa Kamati alikuwa amesema kwamba hajawahi kuwa na uhusiano wowote na mieleka kabla ya kazi hiyo. Siku hiyo kiyoyozi kilikuwa kimeharibika. Kila mtu ujiani alikuwa akijipepea kwa chochote alichopata, lakini Merle alibaki na koti lake, amelifunga vifungo vyote. Mshonaji wa mavazi ya ulingoni alikuwa akisherehekea siku ya kuzaliwa. Keki ikapitishwa, na ilipofika kwa Merle ikapita.

"Kipande kidogo tu, mzee," mshonaji akambembeleza.

"Mimi na keki tuliachana zamani, binti yangu. Kila mtu akabaki na njia yake."

Wanamieleka walianza kuingia na mabegi yao. Walikuwa na desturi ambayo Odessa aliipenda mara moja: kila aliyefika alianza mwanzo wa ujia na kumpa mkono kila aliyemkuta, kuanzia bingwa mwenye mkanda hadi mwuza fulana. Hakuna aliyerukwa. Ndivyo walivyofika kwa Merle, wakampa mkono, wakapita.

Wa mwisho kufika alikuwa Doyle Hutchens. Watoto wa nchi nzima walimjua kwa jina la Nyundo, na mlango wenyewe ulionekana kumjua, kwa namna alivyougeukia ubavu ili apite. Alisalimia mmoja mmoja hadi akamfikia Odessa. Aliubana mkono wake kwa nguvu hata pete ikamwingia kwenye nyama.

"Kwa hiyo wewe ndiye Serikali."

"Mimi ni Odessa Pruitt, mpelelezi wa Kamati."

"Mkojo wangu umepata bahati. Umezaliwa Amarillo, leo unatafutwa na Washington." Ujia mzima ukacheka. "Basi andika, bibie. Andika kwamba nilivunjika mbavu Memphis, nikavunjika taya Tulsa, na Serikali haikuniletea hata bandeji. Leo inataka kikombe."

"Nilitaka pia kukupa pole kwa ajili ya Lonnie Tackett."

Kicheko kikakatika. Doyle akauachia mkono wake.

"Jina hilo usilitaje humu ndani," alisema, akaingia chooni.

Merle alimfuata na kufunga mlango. Kanuni ilimtaka mchukuaji aone kwa macho yake mkojo ukitoka mwilini, asimwachie mtu nafasi ya kubadilisha chochote; kwa hiyo wawili hao tu ndio walioingia, na Odessa akabaki nje. Walipotoka, kikombe kilikuwa na joto linalotakiwa, lakiri ilibandikwa mbele ya macho yake, na Doyle akatia saini. Mambo yote yalikwenda kwa mujibu wa kanuni. Odessa akaondoka ukumbini akiwa na hakika kwamba, kama kulikuwa na udanganyifu, haukufanyika katika ujia ule.

Lonnie Tackett alikuwa nusu ya pili ya Doyle. Ulingoni waliitwa Nyundo na Tindo, na kwa miaka mingi hakuna aliyemtaja mmoja bila mwenzake. Lonnie alikuwa amekufa jikoni kwake kiangazi hicho, akimimina maziwa ya watoto, akiwa na umri wa miaka thelathini na minane. Daktari aliyeupasua mwili alikuta moyo uliovimba karibu mara mbili ya ukubwa wake, na damu iliyojaa homoni za kutunisha misuli. Hata hivyo kipimo chake cha mwisho, kilichochukuliwa Tampa majuma machache kabla, kilikuwa safi. Taji Kuu ikatoa taarifa ya mistari michache: mpango wake wa upimaji ulikuwa imara, na marehemu alitumia dawa baada ya kipimo, kwa siri na peke yake.

Maneno hayo matano ya mwisho ndiyo yaliyokuwa mezani. Brandt, mkuu wa wanasheria wa Kamati, alikuwa na mwenyekiti aliyechoshwa na suala hilo na wabunge waliokuwa na haraka ya kurudi majimboni. Odessa asipoleta kitu kufikia Ijumaa, taarifa ya kampuni ingeingia katika ripoti kama ilivyo.

"Wanangu watakuja kuisoma hiyo ripoti, Bi Pruitt," mjane wa Lonnie, Marva, alikuwa amemwambia kwa simu. "Magazeti nitayachoma. Lakini hiyo itakuwa na nembo ya taifa. Nitawaambia imedanganya?"

Njia ya kwanza ilimpeleka Odessa kwa Daktari Fitch, ambaye ndiye aliyekuwa na mamlaka ya kumruhusu mwanamieleka atumie homoni kwa sababu za kiafya. Mpango kama huo ukiwa na tundu, aghalabu tundu huwa ni daktari mkarimu. Fitch alimpokea akiwa wima.

"Umekuja kutafuta mhalifu mwenye koti jeupe."

"Nimekuja kuuliza Lonnie Tackett alipata kibali kutoka kwa nani."

"Hakupata. Aliniomba, nikamfukuza. Nimetoa vibali viwili tangu niingie hapa, na wote wawili walikuwa wagonjwa kweli. Kagua utakavyo."

Odessa alikagua, na Fitch alikuwa amesema kweli. Njia ile ikaishia ukutani. Lakini ilimwachia jambo moja la kushika: Lonnie aliziomba dawa mapema sana, kabla ya kipimo chake safi. Tena mpasuaji alishikilia kwamba moyo hauvimbi kiasi kile kwa majuma machache. Hiyo ni kazi ya miaka. Basi Lonnie alikuwa akizitumia siku ile ile alipopimwa. Kama mwili ulikuwa nazo na kikombe hakikuwa nazo, kikombe hakikutoka kwenye mwili ule.

Alipiga simu maabara, Atlanta. Sampuli yenyewe ilikwisha kumwagwa, maana zilizo safi hazihifadhiwi kwa muda mrefu. Odessa akauliza swali alilozoea kuuliza mwisho wa kila mahojiano, lile la mpelelezi aliyeishiwa maswali.

"Kuna chochote kilichowashangaza, hata kama hakikuhusu dawa?"

Mkuu wa maabara alisitasita. "Kuna la sukari. Lakini hilo si la mkataba wetu."

"Niambie lisilo la mkataba."

"Baadhi ya sampuli za Taji Kuu zilikuwa nzito isivyo kawaida. Tulidhani mashine ina kasoro, kwa hiyo tukazipima sukari ili tujue. Zilikuwa zimejaa sukari, kama za mgonjwa wa kisukari asiyetulia. Ya Tackett ilikuwamo. Mkataba unatuuliza kuhusu dawa, hautuulizi kuhusu magonjwa, tukajibu tulichoulizwa."

Mpasuaji alithibitisha siku hiyo hiyo: Lonnie Tackett hakuwa na kisukari. Odessa alimkumbuka mzee aliyeachana na keki. Akalikumbuka koti katika ule ukumbi wenye joto, akawaza ni kitu gani kinachoweza kuwekwa ubavuni, chini ya koti lililofungwa vifungo vyote, ili kibaki na joto la mwili.

Aliyaeleza hayo kwa Brandt, na Brandt, kama taratibu zilivyomtaka, akamweleza wakili wa kampuni. Jibu la wakili Sloane lilirudi kabla ya chakula cha mchana, nalo lilikuwa limepigwa msasa vizuri.

"Anasema asante," Brandt alimwambia kwa simu. "Anasema sasa tumethibitisha kwamba Tackett aliingia na mkojo wa mtu mwingine na kumdanganya mzee wa watu. Alidanganya mara mbili. Wataiongeza kwenye taarifa."

"Na wale wengine wenye sukari?"

"Wamenunua chupa kwa mtu mmoja. Odessa, mzee huyu ni muuguzi mwenye sifa safi. Hawafahamu watu hawa. Avunje kiapo cha kazi kwa ajili ya wageni, kwa nini? Nipe sababu moja."

"Sina bado."

"Basi funga jalada."

"Ijumaa haijafika," alisema Odessa. "Nitalifunga Ijumaa, nikiwa nimelazimishwa." Akakata simu kabla mkuu wake hajaamua kama amekasirika.

Doyle Hutchens alikubali kuonana naye kwa sharti kwamba yeye ndiye atakayechagua mahali, na akachagua mkahawa wa sandwichi za Kikuba huko West Tampa, ambako kiti kimoja cha pembeni kilikuwa kimeimarishwa kwa chuma kwa ajili yake. Alimbana tena mkono kama mtu anayekamua nguo. Kisha akaimaliza sandwichi ya kwanza.

"Simtaji mtu," alisema alipoanza ya pili. "Nikuambie mapema usije ukalia."

"Mimi silii kirahisi."

"Hata Lonnie alisema hivyo, halafu akalia kwenye harusi yangu hadi mchungaji akasimama." Alijifuta ndevu. "Unajua nikifungua mdomo itakuwaje? Nyundo si jina langu, bibie. Ni la kampuni. Viatu vya kampuni, wimbo wa kuingilia wa kampuni. Wakinitoa, naondoka na soksi. Nina magoti ya mzee wa miaka themanini na kazi ninayoijua ni moja."

"Na Lonnie?"

"Lonnie ameshakufa."

"Wanataka kuandika kwamba alifanya kwa siri, peke yake."

Doyle aliiweka sandwichi chini. "Peke yake," alirudia, kama anayeonja kitu kilichochacha. "Tulikuwa tunachomana sindano mimi na yeye kwenye vyoo vya vituo vya petroli, nchi nzima. Hilo liandike, kama unaona litakusaidia. La watu wengine sisemi. Mniite, mniapishe, mnitishe na jela. Nimelala kwenye moteli mbaya kuliko jela zenu."

Mwenye mkahawa alitoka jikoni akifuta mikono kwa aproni. Aliitwa Nilo Arrechea, mzee mfupi mwenye kifua cha pipa na paji la uso lililojaa makovu membamba kama mistari ya daftari. Aliwahi kupanda ulingo zamani, kabla hajahamia kwenye sufuria. Alimnyooshea Doyle mkono, na Doyle akanyoosha wake.

Safari hii Odessa aliuona. Mkono ule uliotaka kumvunja vidole ulimgusa mzee kama unaoshika kifaranga. Haukubana wala kutikisa. Viganja vilikutana, vikakaa kidogo, vikaachana.

"Mbona mimi umenikamua," aliuliza, "na yeye umemshika hivyo?"

Doyle aliacha kutafuna. Mzee Arrechea ndiye aliyecheka.

"Mwambie, kijana. Enzi zetu ungefukuzwa kambini kwa kusema. Siku hizi hata watoto wa kwenye kompyuta wanajua."

"Kama wanajua, wamwambie wao."

"Basi nitamwambia mimi, nimestaafu." Arrechea akavuta kiti. "Mama, sisi kazi yetu ni kubebana juu na kutupana chini. Leo usiku nitakuwa na shingo yako mikononi mwangu. Kwa hiyo tukikutana mchana nakupa mkono usiobana, maana yake: nitakutunza. Mtu akikubana, huyo ni wa nje. Au ni wa ndani lakini mwogope, atakuumiza. Ukishauzoea mkono ule haukutoki. Mimi nilimpa baba mkwe wangu, akadhani ninamdharau, hadi leo hatupatani."

Odessa aliweka sandwichi yake chini. Ujia wa Tampa ulimrudia, msururu mzima wa mikono, na mwisho wake muuguzi mwenye koti, ambaye kila jitu lililopita lilimgusa kama yai.

"Doyle," alisema, "Merle Stallworth ulimshika vipi?"

Mwanamieleka yule alitazama sahani yake.

"Kula chakula chako, bibie. Kinapoa."

"Sikuombi useme neno. Yeye anakuja Washington Alhamisi kuhojiwa. Ninakuomba uje umsalimie. Basi."

"Nimsalimie."

"Kama unavyomsalimia siku zote. Au umkamue kama mimi. Utaamua mwenyewe mlangoni."

Doyle aliinuka. Alilipa sandwichi zote, pamoja na ya Odessa, akageuka ubavu, akatoka.

Alhamisi asubuhi Merle Stallworth aliketi katika chumba cha mahojiano kwenye jengo la ofisi za Bunge, koti lake likiwa limefungwa vifungo vyote. Kushoto kwake alikaa Sloane, aliyekuja kwa niaba ya Taji Kuu na ambaye, kwa ukarimu usioelezeka, alikuwa akimtetea pia mfanyakazi wa kampuni iliyojitegemea. Mwandishi wa kumbukumbu alikuwa kwenye mashine yake, na Brandt ameegemea dirisha. Odessa alianza kwa kumkumbusha mzee kwamba kusema uongo mbele ya wapelelezi wa Bunge ni kosa la jinai.

"Nimeelewa, mama."

"Una kisukari, Mzee Stallworth?"

"Swali hilo ni la faragha," Sloane akasema.

"Ninacho," Merle akajibu juu ya sauti ya wakili. "Si dhambi."

"Kabla ya Sandhill, uliwahi kuwa na uhusiano na mieleka? Wa aina yoyote?"

"Hapana. Nimekuwa muuguzi."

"Hujawahi kupanda ulingo?"

"Nitazame, mama. Ningepandaje?"

Odessa alimtazama kama alivyoambiwa. Aliyatazama masikio yaliyofunikwa na mvi. Kisha akafungua mlango na kusema, "Karibu ndani."

Doyle Hutchens aliingia akiwa amevaa suti iliyomkaba shingo. Sloane aliinuka haraka, rangi ikimtoka.

"Hutchens, huna ruhusa ya kampuni kuwa hapa."

"Nimekuja kusalimia tu, wakili." Akaunyakua mkono wa Sloane na kuukamua hadi wakili akasimama kwa ncha za vidole. "Uhali gani?" Akampa na Brandt, na Brandt akaguna. Ndipo akageuka, akamnyooshea mkono Merle.

Merle aliutazama mkono ule bila kuugusa. Kwa muuguzi asiye na uhusiano na mieleka lilikuwa jambo jepesi kabisa: angeushika na kuubana kama anavyofanya mtu yeyote duniani. Alimtupia Sloane jicho, naye Sloane, aliyekuwa akivinyoosha vidole vyake, hakujua ni kitu gani anachoulizwa.

"Lonnie alikushika hivi hivi," Doyle alisema polepole, mkono wake ukiwa bado hewani. "Kila ulipompima. Nibane, Merle. Nibane basi, mbele yao, nijue na mimi kwamba hatukuwa na mtu wetu pale."

Merle aliinuka. Mkono wake wenye madoa ya uzee ulikwenda mbele, ukakutana na ule mkubwa, ukatulia ndani yake bila kubana hata kidogo. Walikaa hivyo kwa muda mrefu kuliko salamu ya kawaida.

"Naomba iingie katika kumbukumbu," Odessa alimwambia mwandishi, "kwamba Bwana Hutchens alimsalimia Bwana Sloane na Bwana Brandt kwa mkono wa kubana, na Bwana Stallworth kwa mkono mwepesi, na kwamba Bwana Stallworth alijibu vivyo hivyo."

"Kupeana mikono si ushahidi!" Sloane alisema.

"Kweli, si ushahidi. Ni sababu ya kuuliza tena." Alimgeukia mzee. "Mzee Merle, nakurudishia lile swali. Uliwahi kupanda ulingo?"

"Usijibu," Sloane akaamuru.

Merle aliketi. Alifungua kifungo cha juu cha koti, halafu cha pili, kama mtu aliyefika nyumbani.

"Miaka kumi na moja," alisema. "Tennessee, Kentucky, Alabama. Nilivaa barakoa, ndiyo maana hamna picha yangu. Mzuka wa Chattanooga. Nilipovunjika shingo nikasomea uuguzi." Akazirudisha nywele nyuma, na sikio lililojitokeza lilikuwa limekunjamana kama kabichi iliyokanyagwa, alama ya miaka ya ulingoni. "Na vikombe vile ni vyangu. Vya Lonnie na vya wengine. Niliingia na mfuko wa mkojo wangu ubavuni."

"Lonnie alikuletea mkojo wowote?"

"Lonnie hakuleta kitu. Aliingia, akakaa kwenye sinki, tukazungumza habari za wanawe. Mimi ndiye niliyejaza."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu kampuni inataka miili ile, mama! Inawaambia wawe wakubwa, halafu inaniambia niwapime kwa nini ni wakubwa. Mtu akikutwa nazo anakaa nje bila mshahara, na aliyemwambia awe mkubwa anakaa ofisini. Nilisema sitakuwa mimi wa kuwatoa. Nilisema hivyo na sitaomba radhi." Akamtazama Doyle. "La Lonnie naomba radhi. Kwa Marva nitaomba radhi. Si kwa hawa."

"Nani katika Taji Kuu alijua wewe ni nani?"

"Mahojiano yameisha," Sloane alisema, akikusanya makaratasi.

"Yako yameisha, wakili," alisema Merle. "Mimi ni mtu wa Sandhill, ninyi wenyewe mmeandika hivyo. Leo nimewakubalia." Akamtazama Odessa. "Usiku nilipovunjika shingo, mwamuzi wa pambano ndiye aliyenishika kichwa hadi gari la wagonjwa likaja. Kijana mwembamba, mwepesi wa miguu. Miaka ikapita, akanipigia simu kwamba kuna kazi ya kupima. Akasema, nataka mtu anayejua kusalimia watu wangu."

"Jina lake?"

"Thad Kroll."

Vidole vya mwandishi vilisikika vikimaliza jina, herufi kwa herufi. Brandt aliondoka dirishani, akavuta kiti kilicho karibu na Odessa, akaketi, na kwa mara ya kwanza tangu uchunguzi uanze akakifungua kifuniko cha kalamu yake.

Doyle alikuwa ameshafika mlangoni, ameulegeza ukosi wa shati.

"Hutchens," Sloane alimwambia kwa sauti ya chini, "unajua ulichokifanya?"

"Nimesalimia," Doyle akajibu. "Kanishitaki kwa wakubwa wako."

Wiki iliyofuata Kroll alipelekewa hati ya wito ili aje kuapa mbele ya Kamati. Sandhill iliondolewa katika upimaji wa Taji Kuu, na wachukuaji waliokuja badala yake walikuwa watu ambao kampuni haikuwachagua wala kuambiwa majina yao mapema. Merle Stallworth alinyang'anywa leseni ya uuguzi. Doyle Hutchens alinyang'anywa jina la Nyundo. Siku hizi anapanda ulingo katika kumbi za shule za Texas kwa jina alilopewa na mama yake, akiwa mwembamba kuliko watu wanavyomkumbuka. Ripoti ilichapishwa majira ya baridi. Jina la Lonnie Tackett limo katika ukurasa mmoja, na maneno "kwa siri na peke yake" hayamo.